Nusu Alama kwa Sani za Kaka Yangu

Ndugu msomaji, juma hili sitaandika juu ya bajeti wala juu ya Katiba. Waliozoea kuja hapa kutafuta mabishano wanisamehe, nitazungumzia katuni. Naomba hata hivyo usiondoke upesi, kwa sababu katika kuzungumzia katuni nitalazimika kukiri kosa nililolitenda mwenyewe, mwezi wa saba mwaka huu, katika nyumba ya mama yangu mjini Tabora, kwa raba ya shilingi mia mbili.

Kwa miaka kumi na mmoja sasa nakusanya majarida ya zamani ya katuni za Kiswahili. Wenzangu idarani wanalijua jambo hili na hulichukulia kama udhaifu mdogo wa mtu ambaye vinginevyo ni timamu. Mmoja wao aliwahi kuniuliza, mbele ya wanafunzi, kama shahada ya uzamivu nayo niliipata kwa kumsoma Madenge. Nilimjibu kwamba kusoma kwenyewe nilikupata kwa Madenge. Uzamivu ulikuja baadaye sana. Sikuwa natania. Kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa aya, nilijua kwamba kisanduku kimoja cha mchoro hufuatwa na kingine upande wa kulia, na kwamba maneno yaliyomo ndani ya puto ni ya yule ambaye mkia wa puto umemwelekea. Huo ndio uliokuwa mwanzo wangu wa kuelewa kwamba kila kauli ina mwenyewe.

Majarida haya nayatafuta mahali pasipotarajiwa. Wauzaji wa vitabu chakavu wa Dar es Salaam, wanaotandika bidhaa zao kandokando ya barabara, wananifahamu kwa sura na hunipandishia bei wakiniona kwa mbali. Nimeyapata kwa vinyozi wa zamani, waliokuwa wakiwawekea wateja kitu cha kusoma kwenye benchi. Nimeyapata pia katika matranka ya walimu wastaafu, chini ya vyeti na picha za harusi. Ninayo matoleo machache ya Film Tanzania, lile jarida la hadithi za picha za kupigwa kamera lililoanzishwa na Faraji Katalambulla, yule yule aliyetuandikia Simu ya Kifo. Ninalo pia toleo moja la African Film, lenye mpelelezi Lance Spearman na kofia yake, ambaye vijana wa Lagos na wa Nairobi walimwiga kwa pamoja pasipo kujuana. Nina kurasa za Uhuru zilizokatwa kwa mkasi, zenye Chakubanga wa Christian Gregory, mhusika aliyejulikana kiasi kwamba wazee wengi mpaka leo huita mchoro wowote wa kuchekesha “chakubanga”. Moyo wangu lakini uko kwa Sani.

Kwa wasomaji vijana nieleze kidogo. Sani ni jina lililoungwa kutokana na majina ya waasisi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Katika miaka ya 1980 jarida hilo lilitupa watu ambao kizazi changu kinawakumbuka kuliko baadhi ya mawaziri. Alikuwapo Ndumilakuwili, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kutueleza tabia yake. Alikuwapo Lodi Lofa, bwana mkubwa asiye na kitu. Walikuwapo Komredi Kipepe na Pimbi, na Madenge ambaye kila mzazi aliapa kuwa wake hatafanana naye. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliowapa uhai baadhi ya watu hao, alifariki akiwa bado kijana. Wachoraji wengine waliokota kalamu yake na wahusika wakaendelea kuishi. Wakati huo huo wenzetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu magazetini kwa miongo kadhaa. Hatukuwa maskini wa katuni. Umaskini wetu ulikuwa katika kuzitunza.

Sasa, ukusanyaji wa katuni duniani una sheria zake, na sheria hizo mtu huzijua kwanza kwa mshangao. Mwaka 1938 huko Marekani lilitoka toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Liliuzwa kwa senti kumi. Mwezi wa nne mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa mnadani kwa dola milioni sita. Mtu akisikia hivyo hudhani ni wazimu wa matajiri, na wazimu upo, lakini kuna hesabu pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa Marekani walihimizwa kukusanya karatasi kwa ajili ya vita, nao walitoa katuni zao kwa mafungu. Nyingine zilitupwa na mama zao wakati wa kufagia chumba. Zilizosalia zikawa chache, na waliozipenda utotoni wakaja kuwa watu wazima wenye fedha.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kupanga madaraja. Mwaka 1970 Robert Overstreet alichapisha mwongozo wake wa bei, ambao wakusanyaji waliutegemea kwa miaka mingi. Mwaka 2000 ikaanzishwa kampuni ya CGC, ambayo kazi yake ni kupokea jarida lako, kulikagua na kulipa alama, kuanzia nusu hadi kumi. Kumi ni jarida ambalo ni kama halijawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Nusu ni gofu. Baada ya kupewa alama, jarida hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguliwa bila kuvunjwa, na kuanzia hapo halisomwi tena. Linauzwa na kununuliwa likiwa limefungwa hivyo hivyo, kama maiti ya mfalme.

Nimejifunza ukaguzi huo kwa kusoma na kwa kukosea, na sitaficha kwamba unaleta raha. Jarida hulazwa juu ya kitambaa safi, chini ya taa. Kwanza unatazama jalada kwa ujumla, kwa umbali wa mkono, ili jicho lipate hukumu yake ya awali. Kisha unakwenda kwenye mgongo: kila mkunjo mdogo uliovunja rangi ni alama inayopungua. Unakwenda kwenye pembe nne, ambazo huwa za kwanza kuchoka. Unazitazama pini mbili za katikati, maana pini zikipata kutu huila karatasi inayozizunguka na siku moja kurasa za katikati zinabaki mkononi. Unahesabu kurasa zote, moja moja, kwa sababu ukurasa wa fumbo la maneno au kuponi ya shindano karibu kila mara umekatwa. Mwisho unatazama rangi ya karatasi yenyewe. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa massa ya mti ambamo kumebaki vitu vinavyogeuka asidi kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana huanza nyeupe, ikawa rangi ya malai, ikawa ya chai ya maziwa, kisha ya kahawia, na mwishowe huvunjika kama chapati iliyokaukia juani. Mwanga huharakisha safari hiyo, na joto vilevile. Tabora tuna vyote viwili, na tuna mchwa.

Kwa mizani hiyo, jarida bora kabisa katika mkusanyiko wangu halifiki alama sita.

Hapa ndipo inanibidi nirudi nyumbani. Mimi ni mtoto wa kota za reli. Tabora ni njia panda ya reli ya kati: ukitoka Dar es Salaam hapo ndipo unapoamua, Mwanza au Kigoma. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama aliuza karanga za kukaanga pale stesheni, zikiwa zimefungwa katika vikaratasi vilivyosokotwa mfano wa pembe. (Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni katika mpango wao wa karanga kuanzia mwaka 1947, Urambo ikiwa miongoni mwa maeneo yake, na mwaka 1951 wakauacha. Mama alifanya biashara ya karanga kwa miaka ishirini na mitatu bila trekta hata moja na hakuwahi kupata hasara ya mwaka.) Karatasi hizo zilitoka wapi? Katika miaka ile hata daftari la shule lilikuwa kitu cha kutafutwa. Zilitoka kwenye magazeti ya zamani. Na magazeti ya zamani nyumbani kwetu yalikuwa ni Sani za kaka yangu.

Kaka alisoma sekondari Morogoro, na kila likizo alirudi na majarida aliyonunua njiani. Alikuwa na kichwa cha biashara. Badala ya kuyaficha, aliyakodisha: shilingi tano kwa usiku mmoja, na aliyechelewesha alilipa mara mbili. Daftari la hesabu hakuwa nalo, kwa hiyo aliandika majina ya waliokodi juu ya jalada lenyewe, moja chini ya jingine, pamoja na tarehe. Jalada likijaa majina, alijua kwamba kila mtoto wa kota amekwisha kulisoma. Basi alilikabidhi kwa mama, nalo likawa karanga. Kwa hiyo majarida yaliyopendwa zaidi ndiyo yaliyoangamia kwanza. Na fedha za karanga hizo, ndugu msomaji, ndizo zilizonilipia ada. Nikisema kwamba katuni zilinisomesha, naomba nieleweke neno kwa neno.

Kaka alifariki mwaka 1996, kwa ugonjwa ambao siku zile hatukuutaja kwa jina, hata nyumbani, hata msibani. Aliacha majarida tisa.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kwa nini suala la madaraja linanigusa kiasi hiki, na nadhani jibu liko katika ardhi niliyozaliwa juu yake. Tabora ni mji uliojengwa juu ya kuthamini vitu. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia ile ya misafara ambayo miembe yake mikongwe bado tunaiokotea maembe, kila kitu kilichobebwa kichwani kilikuwa na daraja lake. Kamusi za zamani zinayo maneno mawili tofauti kwa pembe ya ndovu, buri kwa ile kubwa na kalasha kwa ile ndogo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeitua pembe pwani hakupata kuiona safari yake ya mwisho: nyingi zilivuka bahari hadi miji ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa funguo za piano. Kutoka Marekani hiyo hiyo kulikuja kitambaa tulichokiita merikani.

Shanga ndizo zinazonishangaza zaidi. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora yetu hii, mwishoni mwa mwaka 1857, alieleza kwa kirefu biashara ya shanga na vituko vyake. Ushanga uliogombewa katika nchi moja ulikataliwa katika nchi ya jirani, na uliopendwa mwaka huu ulidharauliwa mwaka ujao. Mfanyabiashara aliyekosea chaguo lake pwani alijikuta katikati ya pori na mizigo ya takataka za rangi. Ushanga mwekundu, samesame, ulipewa majina ya utani yenye maana ya kimaliza-chakula na kivunja-mji, kwa jinsi watu walivyokuwa tayari kutoa kila kitu ili waupate. Kioo ni kile kile. Kilichobadilika ni nani anakitaka, na wapi.

Na kama mtu atasema hayo ni ya kale, nitampeleka Urambo kwa baba yangu mdogo, mkulima wa tumbaku. Yeye hulima, hukausha, huchambua jani kwa jani, hufunga marobota, kisha siku ya soko husimama pembeni akimtazama mteuzi akishika jani, akilinusa, na kutaja daraja. Madaraja ni makumi. Bei imekwisha kupangwa kwa kila daraja. Baba mdogo ana usemi mmoja ambao huurudia kila msimu: “Mimi nalijua jani tangu likiwa mbegu, yeye kalijua leo asubuhi.” Sisemi kwamba wateuzi wote ni wabaya, bila daraja hakuna soko, na asiyechambua vizuri hastahili bei ya aliyechambua. Ninachosema ni kwamba anayetaja daraja na anayelijua jani ni watu wawili, na mmoja tu ndiye mwenye kalamu.

Nilikuwa nikiyasema hayo darasani kwa ufasaha mkubwa. Kisha nikapata barua pepe kutoka Ubelgiji.

Ilitoka kwa mkusanyaji mmoja, mtu mstaarabu kwa lugha yake, aliyesikia kupitia kwa rafiki wa rafiki kwamba ninazo Sani za miaka ya 1980. Ubelgiji ni nchi ya Tintin. Huko katuni si mchezo. Aliniomba picha za majalada, migongo na pini. Nilikuwa likizo Tabora, kwa hiyo nilizitoa zile tisa za kaka kwenye tranka, nikazipiga picha kwenye veranda asubuhi, jua likiwa bado la upole. Alijibu siku ya pili. Nakala zenye maandishi ya mkono juu ya jalada, alisema, thamani yake ni ndogo, labda euro kumi. Nakala safi, angeweza kutoa euro sitini. Akaongeza kwa ukarimu kwamba maandishi ya penseli yanaweza kuondolewa kwa uangalifu.

Nane kati ya tisa zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Moja imeandikwa kwa penseli.

Nataka nieleze kwa uaminifu hali yangu ya nafsi. Sikuwa na njaa. Paa la mama lilikuwa na bati mbili zinazovuja, lakini ningeweza kuzinunua kwa mshahara wangu, na nilizinunua. Haikuwa fedha. Ilikuwa ni tamaa ya kuona jarida letu likipewa alama ya heshima na mtu mwenye mizani. Nilitaka Sani itoke kwenye nusu. Nikaenda dukani Isevya, nikanunua raba, nikarudi, nikafuta majina saba ya watoto wa kota za reli, polepole, kwa mwendo mmoja kama miongozo inavyoelekeza, nikipuliza unga wa raba. Nilipomaliza, jalada lilikuwa zuri. Nilijisikia kama mtu aliyemwogesha mtoto. Nikalipiga picha tena na kuituma.

Yule Mbelgiji alijibu kwamba picha inaonesha uso wa jalada umesuguliwa, nyuzi za karatasi zimeinuka, na kwa hali hiyo hawezi kuzidisha euro kumi na tano. Alisikitika. Nami nilisikitika, lakini bado kwa sababu isiyo sahihi.

Jioni hiyo mama alinikuta nikizirudisha kwenye tranka. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Anatambua mtu kwa hatua na kitu kwa harufu. Alisimama mlangoni.

“Hizo ni karatasi za kaka yako.”

“Ndizo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Nisomee.”

Nilidhani anataka hadithi, nikafungua ukurasa wa Lodi Lofa. Akanikatiza. “Siyo humo ndani. Huko juu. Nisomee watu.”

Basi nikasoma. Nilisoma majina na tarehe, jalada moja baada ya jingine, naye alikaa kwenye kigoda na kujibu kila jina kana kwamba naita mahudhurio ya darasa. Huyu yuko Mwanza, ana wajukuu. Huyu alikwenda Kigoma na reli, hakurudi. Huyu marehemu. Huyu naye marehemu, mwaka mmoja na kaka yako. Huyu alikuwa binti wa fundi wa injini, alichelewesha siku nne na kaka yako hakumtoza, “nami nikajua kuna jambo.” Marehemu. Huyu alikuwa mwizi wa maembe, sasa ni shehe. Kicheko na kimya vilipishana hivyo kwa karibu saa nzima. Nimefundisha historia ya jamii kwa miaka kumi na minne, nimesimamia tasnifu juu ya vifo vya miaka ile ya 1990, nimechora majedwali. Sikuwahi kukaa mahali ambapo orodha ya walioondoka imesomwa kwa sauti na kuitikiwa na mtu aliyewauzia karanga.

Nilifunga jalada la nane na kunyamaza.

“Umesoma nane,” mama akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Zipo tisa. Nazihesabu kila nikifungua tranka kuweka mwarobaini.”

Majani makavu ya mwarobaini yaliyokuwa chini ya tranka, ambayo asubuhi ile niliyakung'uta nje nikidhani ni uchafu, yalikuwa ni kazi yake ya miaka ishirini na zaidi. Hakuna mchwa hata mmoja aliyegusa karatasi zile. Na mtaalamu wa kupanga madaraja alikuwa mimi.

“Hii imesafishwa,” nilisema.

“Imesafishwa na nani?”

Nilimwambia. Hakunigombeza. Aliomba alishike lile jarida, akapitisha kidole gumba juu ya jalada, mara mbili, kisha akalirudisha. “Kaka yako aliandika kwa kukandamiza,” alisema. “Tangu darasa la kwanza mwalimu wake alilalamika kwamba anatoboa daftari.” Akaenda kulala.

Tangu niliporudi Dar es Salaam nimeuliza mahali pawili kama kuna taasisi itakayopokea majarida haya na kuyatunza kama yalivyo, pamoja na majina yake. Sheria ya nchi inawataka wachapishaji kupeleka nakala za machapisho yao kwa ajili ya kuhifadhiwa, na nilidhani ipo mahali rafu yenye mfululizo wote, ambayo zangu zingekuwa nyongeza tu. Mahali pa kwanza niliambiwa na kijana mwenye adabu, “Daktari, hapa tunatunza vitabu.” Mahali pa pili waliahidi kunipigia. Sitataja majina, kwa kuwa nina wasiwasi kwamba ningepata jibu hilo hilo katika kila ofisi, na kwa kuwa mtu aliyeshika raba hana mdomo mrefu wa kulaumu maktaba. Wanafunzi wangu wawili wamekubali kunisaidia kupiga picha kila ukurasa, na majalada mbele na nyuma, jumamosi hadi jumamosi. Wana umri wa miaka ishirini na miwili. Mmoja ameuliza Komredi maana yake nini, tukapoteza asubuhi nzima, asubuhi nzuri kuliko nyingi za muhula huu.

Lile jalada la tisa nilianza nalo usiku ule ule pale Tabora. Mama alikuwa amesema kweli. Penseli huondoka lakini mfinyo wake hubaki. Nilizima taa ya chumba, nikalaza jalada mezani, nikawasha tochi ya simu na kuiinamisha mpaka mwanga ukawa unapita juu ya karatasi kwa ubavu, kama jua la magharibi linavyoonesha kila shimo la barabara. Herufi zikaanza kujitokeza kama vivuli. Nilipata majina manne kamili kabla chaji haijaisha. La tano nilipata herufi tatu za mwanzo na mwaka, 1989. Asubuhi nilimtajia mama herufi hizo, naye alitaja jina la tano papo hapo, akiwa bado anasonga ugali wa mbwa.

Yamebaki mawili. Kama ulikaa kota za reli Tabora mwaka 1989, na unakumbuka kukodi Sani kwa shilingi tano kutoka kwa kijana mrefu aliyesoma Morogoro, niandikie.